Mikwaruzo kwenye negativu: unaona nini, imetoka wapi, na unaipunguzaje

Kabla hujashika pamba, spiriti au kile kitambaa cha miwani, skani hiyo negativu (kile kipande cha filamu chenye picha iliyogeuka, peupe pakiwa peusi) hivyohivyo ilivyo, na vumbi lake na mikwaruzo yake, hata kama ni kwa kuipiga picha na simu juu ya taa nyeupe. Nasema hivi kwasababu negativu nyingi ninazoletewa zina mikwaruzo ya aina mbili, ile ya zamani iliyotoka studio na ile mipya kabisa ya mtu aliyefuta vumbi kwa fulana juzi. Ile ya zamani mara nyingi unaweza kuificha, ile ya fulana ndo inauma maana vumbi la mchanga likisuguliwa juu ya picha linakwenda nayo. Ukishakuwa na kopi mbaya kwenye kompyuta, angalau hata mambo yakienda mrama sura ya bibi ipo.

Alafu kitu cha pili, jua mkwaruzo uko upande gani. Hapa ndo kila kitu kinapoamuliwa, na ndo swali ambalo karibu kila anayeuliza hajalijibu.

Upande wa plastiki au upande wa picha?

Negativu ina upande unaong'aa, huo ni plastiki tupu, na upande uliopauka kidogo, huo ndo una emalsheni, yaani ile jelatini iliyobeba picha yenyewe. Shika kwa kingo, inamisha chini ya taa ya mezani mwanga uje kwa ubavu. Maandishi ya pembeni (jina la filamu, namba za picha) yakisomeka sawasawa basi upande unaokutazama ni wa plastiki. Pia negativu ikijikunja, mara nyingi inajikunja kuelekea upande wa picha. Sasa angalia mkwaruzo unang'aa ukiwa umegeuzia upande upi, huo ndo upande wake.

Ukiwa upande wa plastiki, shukuru. Picha yako ni nzima, kilichopo ni mfereji mdogo unaopotosha mwanga, mwanga haufiki kwenye skana au kwenye karatasi, kwa hiyo ukishageuza kuwa picha ya kawaida unaona mstari mweupe. Ni kama kile kioo cha bafuni chenye ukungu, ukikilowesha upande ule wa mikwaruzo kinakuwa wazi, kwasababu maji yamejaza mabonde. Tiba zote za upande huu zinafuata wazo hilohilo: ama ujaze bonde, ama ulete mwanga kutoka pande nyingi kiasi kwamba bonde halina kivuli.

Ukiwa upande wa picha na umekata hadi ndani, pale hakuna picha tena. Mwanga unapita wazi, mstari unatoka mweusi. Hapo hakuna mafuta wala dawa itakayorudisha kitu, unarekebisha kwenye kopi tu, negativu yenyewe usiiguse. (Kama unachoshika ni slaidi, yaani filamu yenye picha isiyogeuka, na sio negativu, basi geuza rangi: uliokata picha unatoka mweupe, wa plastiki unatoka mweusi.)

"Mstari mmoja mnyoofu, upo palepale kwenye kila picha"

Usianze kulaumu negativu. Toa mkanda, ugeuze kichwa chini miguu juu, skani tena. Mstari ukibaki palepale kwenye skrini basi ni skana. Sababu ya kawaida kabisa ni punje ya vumbi kwenye ile sehemu ya kioo ambayo skana inajipimia mwanga kabla haijaanza, kwenye skana za mezani ni kile kidirisha juu ya fremu ya negativu. Punje moja pale inazaa mstari wa rangi kutoka mwanzo wa picha hadi mwisho. Futa kioo, futa kidirisha, hakikisha fremu ya plastiki imekaa sawa na haijakiziba, zima skana uwashe upya. Kama bado, vumbi linaweza kuwa chini ya kioo au kwenye kihisi chenyewe, na hapo mpelekee fundi, maana kufungua skana kunatawanya vumbi zaidi na vioo vya ndani vinachafuka kwa kuguswa tu.

Mstari ukihama pamoja na mkanda, basi kweli uko kwenye negativu, endelea kusoma.

"Mistari myeupe, myembamba, mingi"

Hii ndo inayoulizwa zaidi na ndo yenye matumaini zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Sababu kwa mpangilio wa ninavyokutana nazo: vumbi na nyuzi ambazo sio mkwaruzo kabisa, alafu mikwaruzo ya upande wa plastiki, alafu alama za maji yaliyokaukia, alafu mikwaruzo miepesi ya upande wa picha ambayo imekwaruza juu tu bila kutoboa.

Anza na hewa. Ile pampu ya mpira ya kupuliza lenzi inatosha, brashi laini kama unayo. Usipulize kwa mdomo, mate yanaacha madoa. Skani tena. Unaweza kukuta nusu ya "mikwaruzo" imeondoka.

Kama madoa ni ya mviringo yenye kingo za chokaa, hayo ni maji ya chumvi yaliyokaukia wakati wa kusafisha filamu (yaani kuitoa picha kwa dawa), na kwa Mombasa, Unguja au Dar ambako wengi tunatumia maji ya kisima hili ni la kawaida mno. Yakiwa upande wa plastiki, hemea kidogo kwa mbali upate unyevu wa pumzi tu bila mate, futa taratibu kwa tishu ya lenzi. Yasipotoka tumia isopropil ya 99%. Sikiliza vizuri hapa: sio spiriti ya kidonda ya duka la dawa, ile ya 70% ina maji na nyingine zina rangi au mafuta, na sio sanitaiza ya mikono maana ile ina glisirini inayoganda, na kabisa kabisa sio dawa ya kutolea rangi ya kucha, hiyo ina asetoni na asetoni inayeyusha plastiki ya asetati, utaona filamu inalainika mbele ya macho yako. Petroli na mafuta ya taa usiwaze hata kidogo.

Sasa mikwaruzo yenyewe. Kabla ya kupaka chochote badilisha mwanga, hii ni bure na haina hatari. Kama unapiga negativu kwa kamera ya dijitali, tumia taa pana kuliko negativu, weka kipande cha akriliki nyeupe ya maziwa kati ya taa na negativu, acha sentimita chache hivi ili vumbi la akriliki lisiingie kwenye fokasi. Mwanga ukija kutoka kila upande mkwaruzo wa plastiki unafifia sana. Mwanga wa nukta moja, kama tochi au taa ndogo ya LED iliyo wazi, unaonyesha kila kitu. Wanaochapa kwa enlaja (ile mashine ya chumba cha giza ya kukuza picha kwenye karatasi) wanalijua hili, enlaja ya kondensa, yenye mwanga uliokusanywa kwa lenzi, inakuza mikwaruzo, ya difyuza, yenye mwanga uliotawanywa, inaificha, ila ukihamia difyuza negativu ya nyeusi na nyeupe inapungua ukali, kwa hiyo jiandae kupandisha karatasi kama gredi moja (gredi ni kiwango cha ukali wa karatasi).

Kama ni negativu ya rangi na skana yako ina Digital ICE (mfumo wa skana wa kufuta vumbi na mikwaruzo) au kitu kama hicho, washa sasa, tutaiongelea chini.

Haijatosha? Basi jaza bonde. Mafundi wa chumba cha giza walitumia mafuta ya ubavuni mwa pua, na sio uchawi, mafuta yale yanapinda mwanga kwa kiasi kinachokaribia plastiki ya filamu kwa hiyo mkwaruzo unapotea kwa macho. Nawa mikono, kausha, pitisha kidole pembeni ya pua, paka UPANDE WA PLASTIKI TU juu ya mkwaruzo, alafu futa kwa tishu ya lenzi hadi ubaki utando usioonekana. Vaseline kidogo mno inafanya kazi ileile. Ukimaliza kuskani safisha kwa isopropil siku hiyohiyo, usirudishe negativu yenye mafuta kwenye bahasha, mafuta yanashika vumbi na kwa hali ya hewa ya pwani yanaalika fangasi.

Kwa negativu yenye mikwaruzo kila mahali kupaka kidole hakutoshi, hapo unaskani ikiwa imelowa. Unahitaji kioo chake tofauti (usimwage kitu juu ya kioo cha skana, kikiingia pembeni skana imekufa), majimaji maalumu ya kazi hiyo kama Kami, na karatasi ya plastiki angavu ya poliesta ya kufunika juu. Matone machache juu ya kioo, laza negativu, matone tena, funika, sukuma mapovu kwa roli laini kutoka katikati kwenda nje. Yale majimaji yanajaza mikwaruzo ya pande zote mbili kwa pamoja, alafu yanakauka yenyewe bila kuacha kitu. Wapo wanaotumia mafuta ya watoto, na kweli yanaficha mikwaruzo kwasababu yanapinda mwanga karibu sawa na plastiki, ila hayakauki na itabidi uyaoshe yote baadaye kwa isopropil, mimi kwa negativu isiyo na mbadala siyatumii. Onyo: Kami na ndugu zake yanashika moto upesi na mvuke wake sio mzuri kifuani. Fungua madirisha, hakuna jiko, hakuna sigara, hakuna udi unaofuka chumbani.

"Mistari myeusi, au ya njano, au myekundu"

Huu ni upande wa picha na umekata. Kwenye filamu ya rangi unaweza hata kusoma kina chake: safu ya juu inabeba rangi ya njano, ikitoka hiyo peke yake mstari kwenye picha unaelekea njano, ikitoka na ya pili unaelekea wekundu, ukiwa mweusi umefika chini kabisa. Ni taarifa nzuri kwa anayerekebisha kwenye kompyuta, kwasababu mstari wa njano una maana safu mbili zilizobaki ni nzima, kwa hiyo fungua chaneli ya bluu peke yake urekebishe pale, nyekundu na kijani usiziguse. Maelezo mengi ya uso yatabaki.

Sababu za kawaida: kidole au roli wakati filamu imelowa (jelatini iliyolowa ni laini mno), kuvuta mkanda kwenye fremu ya skana bila kuinua, kuweka negativu mbili bila karatasi katikati zikasuguana kwa miaka.

Cha kufanya kwenye programu, iwe Photoshop au GIMP: skani kwa 16-biti, weka TIFF (faili lisilopoteza ubora), usifanyie kazi kwenye faili la asili. Ukiwa na mkwaruzo mrefu mnyoofu, bonyeza mwanzo kwa zana ya kuponya (Heal), shikilia Shift, bonyeza mwisho, ila fanya vipande vifupivifupi, hasa unapovuka mpaka wa shavu na ukuta, ukipitisha mara moja itakuvutia ukuta juu ya shavu. Kwa mikwaruzo mingi myembamba kuna njia ya haraka: nakili leya, ipitishie Median (kichujio cha kulainisha) hadi mistari ipotee, weka mchanganyo wa leya hiyo (blend mode) kwenye Darken kama mistari ni myeupe au Lighten kama ni myeusi, ifiche yote kwa maski nyeusi, alafu fungua kwa brashi nyembamba juu ya mikwaruzo tu. Ukitumia Median picha nzima, kila mtu atatoka na sura ya nta. Usifanye hivyo, ngozi ya mzee ina mikunjo yake na ndo yeye huyo.

Wanaochapa kwa karatasi wana ujanja wao: mstari mweusi ni mgumu kurekebisha kwenye picha iliyochapwa, mweupe ni rahisi, unaujazia tu kwa brashi na rangi ya kuspoti. Kwa hiyo mafundi walikuwa wanaziba mkwaruzo kwenye negativu kwa rangi isiyopitisha mwanga, unatoka mweupe, alafu wanaujazia kwenye karatasi. Inafanya kazi ila unaandika juu ya negativu, mimi nasema ifanye kwa negativu yako mwenyewe uliyopiga mwaka huu, sio kwa ya marehemu.

Na hapa kuna jambo la negativu za zamani za studio, zile kubwa za vipande. Ukiona vimistari vidogo vya kijivu usoni, kwenye paji na chini ya macho, vimejaa kwa mpangilio, hiyo SIO mikwaruzo. Ni penseli. Fundi alichora kwa penseli juu ya emalsheni kulainisha uso wa mteja. Ukiosha au ukifuta umefuta kazi ya mikono ya mtu, hairudi.

"Nimewasha ICE, picha imekuwa mbaya zaidi" au "hakuna kilichobadilika"

Angalia filamu ni aina gani, mara tisa kwa kumi jibu liko hapo. ICE inapiga picha ya ziada kwa mwanga wa infraredi. Rangi za filamu ya kawaida ya rangi zinaupitisha mwanga huo, vumbi na mkwaruzo vinauzuia, kwa hiyo skana inajua wapi pa kujaza. Filamu ya nyeusi na nyeupe ya kawaida imebeba fedha, fedha inazuia infraredi, so skana inadhani sehemu za picha yenyewe ni uchafu na inazifuta. Zima. Isipokuwa zile nyeusi na nyeupe zinazosafishwa kwa dawa za rangi, kama Ilford XP2, hizo zinakubali. Kodachrome, ile filamu ya zamani ya slaidi ya Kodak, nayo inasumbua, skana chache tu zinaiweza vizuri.

Kama filamu ni ya rangi na bado hakuna mabadiliko: huenda skana haina kabisa infraredi (kupiga kwa kamera hakuna infraredi, usiitafute), au umechagua kwenye programu aina ya filamu ya nyeusi na nyeupe na chaguo likajifunga, au umewasha ile "dust removal" ya kawaida ambayo ni ukungu tu wa programu na sio ICE yenyewe. Mkwaruzo mpana uliokata picha ICE inakisia tu, umalizie kwa mkono.

"Kama utando wa buibui, una matawi"

Fangasi. Wengi wanauita mikwaruzo. Mkwaruzo unakwenda mnyoofu au kwa tao moja, fangasi inatawanyika kutoka nukta moja kama mizizi. Usioshe kwa maji hata kidogo, fangasi inakula jelatini na kuifanya iyeyuke majini, utaona picha inaondoka na maji. Itoe kwenye boksi la wenzake, iache ikauke sehemu yenye hewa kavu, alafu jaribu isopropil ya 99% kwenye kona isiyo na picha. Kama kona inalainika au rangi inatoka, acha. Kutunza ni kwenye chombo chenye kifuniko na silika jeli (zile punje za kunyonya unyevu) iliyokaushwa, unyevu chini ya 50%, na sio kabati la ukuta unaopakana na bafu.

"Mkanda mpya kabisa umetoka na reli ndefu"

Reli, yaani mistari mirefu inayofuata urefu wa mkanda, zinazopita hadi kwenye nafasi kati ya picha na picha zina maana filamu imesuguliwa ikiwa inatembea. Mchanga kwenye mdomo wa mkebe wa filamu ndo namba moja, hasa ukibeba mikanda mfukoni ufukweni, ikifuatiwa na kamera, alafu fundi aliyefyonza maji kwa vidole au kwa kibano cha mpira, alafu mashine ya maabara yenye roli chafu.

Kujua nani mwenye kosa, toa sadaka mkanda mmoja wa bei nafuu. Upitishe kamera yote, urudishe ndani, alafu uvute nje mwangani bila kuusafisha na uuangalie chini ya taa. Una reli? Ni kamera au mkebe. Hauna? Ni usafishaji. Na upande utakuambia zaidi: reli upande wa plastiki ni ile sahani ya nyuma inayokandamiza filamu, reli upande wa picha ni njia za mbele au roli. Futa sahani kwa kitambaa laini, puliza mchanga, ila pazia la shata usiliguse kwa kidole wala kwa hewa ya kompresa. Kama ukigusa sahani unasikia ukali wa chuma, mpelekee fundi kamera, usiisugue msasa.

Na wakati wa kusafisha usifute filamu iliyolowa. Bafu la mwisho liwe maji yasiyo na chumvi yenye tone la Photo-Flo, dawa inayofanya maji yateleze bila kuacha matone (1:200), maji ya betri yale ya kuongezea yanafaa, sio ile asidi, alafu ning'iniza uache itiririke yenyewe.

Hapa acha, tafuta mtaalamu

Harufu ya siki ukifungua boksi. Hiyo asetati imeanza kuoza, inasinyaa, inajikunja, na mvuke wake unachochea oza ya zilizo jirani. Zitenge, zihifadhi kwenye baridi na ukavu, ziskani mapema, usizilazimishe kunyooka maana picha inapasuka kwenye mikunjo.

Maandishi ya NITRATE pembeni, au negativu ya kabla ya miaka ya 1950 isiyo na neno SAFETY, inayonata, yenye rangi ya njano au unga wa kahawia. Naitreti, plastiki ya filamu za zamani, inashika moto vibaya na moto wake hauzimiki kwa maji. Usiiweke kwenye skana yenye joto, usiiache kwenye gari juani, usiisafirishe kwa posta. Piga simu Nyaraka za Taifa, au kwa Unguja ile taasisi ya nyaraka pale Kilimani, uulize wanakuelekeza kwa nani kabla hujaisogeza.

Emalsheni inayobanduka kama ganda, negativu zilizogandana, na negativu za zamani za vioo zilizopasuka, usivitenganishe kwa maji, kisu wala mvuke wa birika. Viache vilivyo, laza kwenye karatasi isiyo na asidi, piga picha kwa juu jinsi zilivyo. Na ukimpelekea mtu muulize swali moja kabla hujamkabidhi: utaigusa kwa nini na upande upi? Akikujibu "nitaisafisha tu" bila kuiangalia chini ya taa kwanza, rudi nayo nyumbani.